Msaidizi wa Chekechea ya Kiayalandi

Nilipata kazi ya usaidizi katika chekechea moja huku Cheektowaga, kitongoji cha Buffalo, Marekani, ambako watoto wadogo hufundishwa kwa Kiayalandi. Wazazi wao walizaliwa Buffalo, na babu zao pia. Kiayalandi walikuwa nacho kwenye fulana na vikombe vya kahawa tu, lakini walikipenda kufa.

Mwalimu, mwanamke aliyetoka Ayalandi kwenyewe, alinipa sharti moja. "Humu ndani Kiingereza hakuna. Hata neno."

"Lakini Kiayalandi sikijui."

"Utajifunza. Kwa sasa sema chochote kisicho Kiingereza."

Basi nikasema Kiswahili. Yeye aliimba na kusimulia hadithi. Mimi nilikuwa mtu wa viatu, kamasi na choo. "Nawa mikono, mwanangu." "Haya, kunywa maji." Nyumbani binti yangu hunijibu kwa Kiingereza mwaka mzima, lakini hawa watoto wa watu walianza kunijibu Kiswahili kabla theluji haijayeyuka.

Asubuhi moja baba mmoja alinisimamisha mlangoni, machozi yanamlengalenga. "Jana mwanangu alikataa kuomba maji kwa Kiingereza. Alisema, 'Nataka maji!' Lugha ya mababu zetu!" Nikafungua mdomo nimweleze, lakini alikuwa ameshanionyesha video aliyoutumia ukoo mzima.

Nilipomwambia mwalimu, alicheka hadi akashika meza. "Waache kidogo. Sijawahi kuwaona na furaha hivi."

Siku ya sherehe ya kufunga mwaka, keki ilipoingia, watoto walipiga kelele: "Na mimi! Na mimi! Naomba keki!" Wazazi wakapiga makofi. Bibi mmoja mgeni, aliyekulia kijijini Ayalandi akizungumza lugha hiyo, akakunja uso. "Wanasema lugha gani hawa?"

"Lahaja ya kusini," akajibu yule baba, bila wasiwasi.

"Kusini kabisa," akasema mwalimu, akinitazama.

Nikaona aibu kwa niaba ya wote. "Ni Kiswahili, mama. Mimi natoka Morogoro."

Bibi alicheka peke yake. Wazazi wakaitisha kikao, wakajadili kwa Kiingereza, jioni nzima, hatari ya lugha za kigeni kwa watoto wao. Nilijua nimefukuzwa. Kumbe waliamua nibaki, na siku chache baadaye bango jipya likatundikwa nje: chekechea ya lugha tatu, Kiayalandi, Kiingereza na Kiswahili. Mshahara wangu ulibaki wa lugha moja.