Kona za Mama Kona

Mnunuzi wa vifaa katika kiwanda cha magodoro alikuwa mwanamke wa maneno machache, na siku hiyo hata hayo machache yalimkwama. Asubuhi meneja alimwita, akafunga mlango. "Mafundi wetu wakishajua kushona zile kona, mkataba wa yule mama basi. Tutajishonea wenyewe."

Yule mama ndiye Mama Kona, aliyewashonea makava ya magodoro miaka yote. Magodoro ya wapinzani yalichanika pembeni. Ya kwao yalidumu, kwa kuwa yeye alikata kitambaa cha kona kwa mshazari, kikivutwa kinanyumbuka badala ya kupasuka. Wateja wakahamia kwao. Na ni mnunuzi mwenyewe aliyekwenda karakanani kwake, anakoshona na wasichana aliowaajiri, kumwomba aje awafundishe mafundi. "Sisi na wewe ni nyumba moja, mama," alimwambia. Wakati ule aliamini.

Sasa Mama Kona alikuwa katikati ya cherehani, miwani puani, akimkemea fundi mmoja.

"We baba, kitambaa kimekukosea nini hata unakikaba koo? Kibembeleze kama mkweo!"

Wakaangua kicheko. Mnunuzi hakucheka. Alijiambia atamvuta Mama Kona pembeni kabla hajashika mkasi. Mkasi ukashikwa. Akajiambia, basi, wakati wa chai. Chai ikaja, Mama Kona akammegea nusu ya mkate wake, naye akaupokea, akasema asante tu.

Mchana, fundi wa mwisho alipoipatia kona na wenzake wakampigia makofi, ndipo alipomshika Mama Kona mkono, wakaenda dirishani, akamweleza yote.

Mama Kona alivua miwani, akaifuta polepole kwa upindo wa gauni.

"Umejua lini?"

"Asubuhi, mama. Kabla hujafika."

"Ungeniambia asubuhi, mwanangu, ningewafundisha salamu tu, nikarudi kwa wasichana wangu." Alitaka kucheka, midomo ikakataa. "Sasa wale nao nikawaambie nini?"

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Ila si leo."

Akakusanya vitu vyake. Alipofika mlangoni, yule fundi wa kukaba kitambaa akapaza sauti: "Mama, kesho unatufundisha zipu?"

"Mwulizeni huyu mwanangu," akasema, akatoka.

Cherehani zikanyamaza. Wote wakamgeukia mnunuzi, nyuso bado zina furaha, wakingoja jibu.