Mtu Aliyeomba Nimshikie Mstari

Sikuwa na homa siku ile, na pombe sijaigusa tangu nilipotoka Ankoro. Nasema mapema kwa sababu najua mtakachouliza. Jambo hili lilinipata mchana, jua likiwaka, hapa Kalemie, ndani ya maktaba ya chuo.

Nilikuwa nangoja boti ya Moba. Mama yangu alikuwa mgonjwa huko, ameniita, na boti ilikuwa iondoke alasiri. Ili nisikae bure, nikakubali kubeba makatoni ya vitabu kutoka bandarini hadi maktabani: kamusi nene na insaiklopedia, vile vya kusomea mle mle, havitoki nje. Nilipomaliza nikaomba kubaki kidogo. Shule niliiacha mapema, lakini kitabu kikifunguliwa mbele yangu siwezi kupita.

Wanafunzi walikuwa wamejazana kwenye ordinateri mpya, yaani kompyuta. Mama Odette, mtunza maktaba, aliwaonyesha namna ya kutafuta humo maandiko ya dunia nzima. Kwenye meza ya vitabu vile vipya alikaa mtu mmoja tu, shati jeupe, kovu chini ya sikio, kidole juu ya ukurasa. Aliniita bila kuinua macho.

"Papa, unishikie mustari huu. Naenda kunywa maji, narudi sasa hivi."

Nani angekataa? Nikaweka kidole pale alipotoa chake. Karatasi ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akatoka. Nikaanza kusoma: habari za samaki, kisha nyota, kisha chumvi. Kidole kilisogea chenyewe, macho yakikifuata. Niamini, ilikuwa tamu. Honi ya boti ilipolia niliisikia, nikamkumbuka mama, nikajaribu kuinua mkono. Haukuinuka. Kuomba msaada niliona haya: mbeba mizigo amenaswa na kitabu! Basi nikaendelea kusoma. Ningekaa pale hadi lini?

Kilichoniokoa ni neno moja refu la Kifaransa. Lilinishinda kabisa, na hamu ya kulijua ikashinda haya.

"Mama Odette, hapa wameandika nini?"

Vijana wakacheka. "Ee! Papa wa makatoni amekuwa profesa!"

Mama Odette akaja, akalisoma kwa sauti. Mkono wangu ukaachia.

"Nani alikufungulia kitabu hiki?"

"Yule wa shati jeupe, mwenye kovu chini ya sikio. Ametoka kunywa maji."

Mama Odette akavuta kiti, akakaa.

"Huyo alikuwa mwalimu wetu. Hakuuliza mutu kitu hata siku moja, alisoma tu. Bibi yake wa ndoa alikuwa anazaa kwa shida, wakaja kumuita. Akasema, nimalize mustari huu kwanza. Alipofika, wamekwisha kumufunika. Naye hakukawia kumufuata." Akayatazama makatoni. "Vitabu vipya ndiyo vimemurudisha."

Boti ilikuwa imekwenda. Nikapanda pikipiki kwenye njia ile mbaya, nikafika Moba mama akiwa bado anaweza kusema. Tulizungumza usiku mmoja tu. Neno lile lingekuwa jepesi, nisingeupata hata huo.

Mpaka leo kidole changu hakisikii moto wala baridi. Maktaba bado naingia, sitawadanganya. Lakini wewe, mtu usiyemjua akikuomba umshikie mstari, mwambie auache upotee. Na watu wako wakikuita, simama, hata kama umefika katikati ya neno.