Kokwa la Bengamisa

Leo asubuhi mdogo wetu wa mwisho amepanda pikipiki kwenda Bengamisa. Amepata kazi ya kufundisha jiografia watoto wa shule ya msingi, na mimi yaya yake, mkubwa wake niliyemlea, nimebaki hapa Kabondo nikigeuza chunguni makemba, ndizi zile kubwa za kuponda lituma, simu ikiwa mapajani. Nimepiga, haiiti. Unanijua, mimi si mtu wa kulialia. Lakini barabara ile naijua kwa tumbo.

Nimeokota kijiti nikachora mchangani karibu na mafiga: mto mkubwa, mto mdogo wa Tshopo na daraja lake, halafu njia ya kaskazini. Mkono haukusahau. Kokwa lake nimeliweka hapa Kabondo, ndipo nilipomwona mara ya mwisho.

Shule yetu kule Mangobo ilikuwa na ramani moja ya karatasi, nayo mchwa walikuwa wameanza kuila kuanzia Katanga. Basi mwalimu alitutoa kiwanjani akachora nchi chini. Mto aliuchimba kwa jembe, sisi tukamwaga maji hadi tukaona yanakwenda wapi. Kila mtoto ambaye mtu wa kwao alikuwa safarini alileta kokwa la ngazi, tunda la mchikichi, alilokwisha kulinyonya mafuta, akaliweka pale msafiri alipo. Asubuhi, kabla ya somo, tulisogeza makokwa kadiri habari zilivyofika. Kokwa la mtoto wa wavuvi wa kwenye maporomoko lilishuka na mto na kurudi upesi. La mtoto wa wachuuzi wa Kivu lilikwama Mambasa kwa sababu ya matope, naye akacheka tu, amezoea.

Langu lilikuwa la mama. Baba alikuwa ameshakufa, na mama alifuata makemba Bengamisa ili ayauze sokoni. Safari zote alirudi na lori la kwanza. Safari hiyo kokwa lilifika Bengamisa likakaa. Wenzangu walisogeza yao. Mimi nilichuchumaa pale, nikanyanyuka, nikarudi kwenye mstari.

"Mama yako ameota mizizi kule," mtoto wa wavuvi aliniambia. "Utavuna mama wengi."

Wakacheka. Nyumbani wadogo zangu waliuliza chakula, jirani akatuletea sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani iliyofunikwa jani, nami nilisikiliza kila lori lililopita.

Kisha mvua kubwa ikafuta nchi yote. Asubuhi mwalimu alichimba mto upya, akatuambia turudishe wasafiri wetu. Mimi nikaweka kokwa Mangobo, nyumbani kwetu. Mwalimu alisimama juu yangu.

"Mama amefika?"

"Bado, mwalimu."

"Alors, uliweka hapo kwa nini? Ramani haiko maombi, mwanangu. Weka mutu pale unajua iko."

Nililirudisha Bengamisa. Nikalikandamiza vizuri lisichukuliwe na maji.

Mama alirudi, juu ya mzigo wa makemba, akiwa na homa. Nilikimbia shuleni kulisogeza kokwa kabla hata hajamaliza kunywa maji. Ile homa haikumwacha. Baada ya mazishi nilikwenda kumwambia mwalimu kwamba sitarudi tena darasani, wadogo zangu hawana mtu. Aliinama akalitoa kokwa Mangobo, akalizungusha kiganjani, akatazama nchi yake ya mchanga kutoka mwisho hadi mwisho kama anayetafuta mahali. Kisha akanipa.

Kiwanja kile sasa kimejengwa vibanda vya kuuzia vitenge. Nimepita pale mara nyingi na sijaona hata alama ya mto. Mwalimu naye hayupo, na watoto wa siku hizi wakikutafutia mahali wanaonyesha simu.

Yangu imeita makemba yakiwa yameiva.

"Yaya, niko huku tangu saa ile. Réseau ya simu ndiyo ilikuwa inasumbua."

"Ulikula?"

"Bon, nitakula. Sikia, darasa langu halina ramani. Hata ukuta wa kuipachika hauko, ni mabanzi tu."

"Kiwanja kiko?"

"Kiko, kikubwa."

"Basi tafuta jembe."

Amecheka, akauliza jembe la nini. Nimemweleza polepole, tangu mto hadi makokwa, huku chungu kikipoa. Alipokata simu nimeinama nikasogeza kokwa lake, nikavuka daraja, nikafika Bengamisa. Nimeliacha hapo. Ndipo alipo.