Pa Kuipeleka Oili Chafu

Nilijifunza kubadilisha oili ya pikapu yangu huko Kakuma, kwa fundi mmoja Mkongo aliyefanyia kazi uani kwake kambini. Mkewe alikuwa akipika hatua chache kutoka pale, na fundi alinionya kabla hajashika spana: "Papa, nikimwanga oili hapa chini, bibi yangu atatufukuza sisi wote wawili."

Hakumwaga. Nilitazama kila alichofanya, na niliporudi Lodwar ninakopanga nyumba, nikayaandika daftarini kwa mpangilio. Anza alfajiri, kwa sababu ikifika saa tatu upepo huleta mchanga, nao huingia kila tundu lililo wazi. Washa injini dakika tano ili oili iwe nyepesi. Tandika gunia kuukuu, na juu yake weka mtungi wa lita ishirini uliopasuliwa ubavu. Nati ya chini ikishalegea, izungushe kwa vidole huku ukiisukuma juu, halafu ivute kando kwa ghafla, la sivyo oili itakutiririka mpaka kwenye kiwiko. Filta ivishe mfuko wa mkate kabla haijatoka. Nilifuata yote, na asubuhi ya kwanza sikuangusha tone. Nilijisikia mtu wa maana.

Ila daftari halikusema oili chafu iende wapi. Nyuma ya ploti yetu kuna mto mkavu, na watu huchimba visima mchangani humo ili wapate maji ya kunywa. Sikuweza kumwaga huko. Basi nikawa naitia kwenye vibuyu vya plastiki vya mafuta ya kupikia na kuvipanga nyuma ya mlango. Vilipofika vitatu, chumba kizima kikanuka gereji.

Mwenye ploti alikuwa mama wa Kiturkana, mjane, aliyeishi uani humo humo na mbuzi saba. Zamani alikuwa na kundi kubwa upande wa Namoruputh. Ukame ulimwachia hao saba tu. Mwezi ule watatu walikuwa wamezaa, na alinieleza hesabu yake bila kuficha: wana wakikua na kuzaa, ataacha nyumba za bati na kurudi kuchunga.

Siku moja aliviona vile vibuyu mlango ukiwa wazi.

"Ejok," alinisalimu. "Wewe mtu wa Kenya, hiyo mafuta chafu unaweka ya nini? Unapikia ugali?"

Sisi tuliotoka kaunti nyingine tumezoea kuitwa watu wa Kenya, kana kwamba Turkana ni nchi yake yenyewe. Nilicheka. "Sina pa kuitupa, mama."

"Kutupa! Nipatie. Mbuzi yangu inajikuna mpaka damu. Sisi tunapaka hiyo, upele inakufa."

Hapa ndipo ninapotaka kuandika kwa uangalifu. Miezi miwili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimempa lifti afisa wa mifugo mpaka Lorugum, na njiani akaniambia kwamba oili ya injini kweli hukausha upele, lakini ina sumu, na ikipakwa kwenye kiwele mwana anayenyonya hufa. Nilimuuliza maswali mawili matatu, kama kawaida yangu. Kwa hiyo nilijua. Nilifungua kinywa nimwambie, kisha nikawaza kwamba nikisema ataniachia vibuyu vyangu. Nikajiambia pia kwamba mtu aliyezaliwa katikati ya mbuzi hahitaji kufundishwa na mgeni. Nikavitoa vyote vitatu nje.

Alifunga kitambaa kwenye kijiti, akapaka mgongo, shingo, miguu, tumbo na kiwele. Mbuzi walirukaruka, nikawashika pembe. Mimi ndiye niliyewashika.

Siku ya tatu mwana mmoja alishindwa kusimama. Siku ya nne wakawa wawili. Wiki haikuisha kabla wote watatu hawajafa. Mama aliwachuna ngozi mwenyewe, akazitandaza juani. Sikuuliza kitu, naye hakunishuku. Upele ulikauka kweli, na alinishukuru kwa hilo.

"Mafuta yako nzuri. Hii ya watoto ni ugonjwa tu."

"Pole, mama," nilisema, na nikaingia ndani.

Mbuzi wawili walizaa tena mvua ndogo ilipopita. Upele nao ukarudi. Asubuhi moja nilikuwa nimemaliza kubadilisha oili, ardhi safi kabisa, nikamwona akija na kibuyu kitupu mkononi. Safari hii nilimwambia yote, pamoja na habari za yule afisa.

Alisikiliza akiwa amesimama. "Ulijua lini?"

"Kabla."

"Kabla ya kushika pembe?"

"Kabla, mama."

Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. Badala yake alikitazama kibuyu, kisha mbuzi, kisha mimi.

"Kiwele ningeacha," alisema. "Watoto ningefunga kando siku tano, mama zao ningekamua nikamwaga. Hiyo ni kazi ya mtoto mdogo. Ungesema tu."

Alininyooshea kibuyu. "Jaza."

Nilijaza. Alikata matawi ya miiba, akazungushia pembe ya mbali ya ua, akawaingiza wana humo. Mama zao wakaanza kulia, na wana wakajibu. Alipochovya kijiti chake nilisogea nimshikie mbuzi wa kwanza.

"Wacha. Hii itasimama yenyewe."

Hakusimama. Alirusha mateke, kibuyu kikapinduka, oili ikamwagikia shuka la mama na kusambaa mchangani. Mama alimbana kwa magoti, akapaka ile iliyobaki, mgongoni peke yake, polepole, akikizunguka kiwele kwa mbali. Nami nilibaki nimeegemea pikapu, nikimtazama mpaka alipomaliza huyo, akanipita kwenda kumkamata wa pili.