Sarafu za Mapasa

Sanduku langu la sarafu lina nafasi mbili tupu. Kila mgeni ninayemfungulia huacha zote zilizojaa na kuniuliza habari ya hizo mbili. Ndivyo binadamu alivyo: umwandalie meza nzima, ataulizia chakula usichopika. Zamani nilikuwa nawajibu kwamba bado natafuta. Sasa nimezeeka na sina subira ya kuzungushana na watu, basi nitaeleza mara moja.

Sarafu zenyewe ni zile za shaba za mfalme wa Wabelgiji, zenye tundu katikati na nyota inayolizunguka tundu. Namna ya kuzikusanya nilifundishwa na Mmarekani mmoja, mhandisi, aliyekaa mtaa wa Makomeno hapa Lubumbashi miaka ile nchi yetu ilipopewa jina la Zaire. Mimi nilikuwa mchora ramani katika ofisi za mgodi. Yeye alikusanya senti kubwa za shaba za kwao, za mwanzo kabisa wa taifa lao, zenye kichwa cha mwanamke mwenye nywele timutimu. Alikuwa na senti nyingi za mwaka mmoja, zote sawa machoni pangu, nikamwona mwendawazimu hadi aliponipa kioo chake cha kukuzia. Sarafu hupigwa kwa chapa, kipande cha chuma kilichochongwa kwa mkono. Chapa ikichakaa, fundi huchonga nyingine, na hata akijitahidi vipi, mkono haurudii. Unywele unahama, jani linapungua, namba inainama kidogo. Alipoondoka nchini aliniachia kile kioo, nami nikakigeuzia sarafu za kwetu.

Mtu anayekusanya kwa chapa hataki mbili. Akishapata moja ya chapa fulani, ya pili ni takataka, anaibadilisha na mtu mwingine apate asiyokuwa nayo. Ndiyo sababu mimi, niliyekuwa na shaba nyingi za mfalme yule kuliko mtu yeyote Lubumbashi, sikuwa na mbili zinazofanana kweli. Nilijivunia jambo hilo, tena kwa sauti.

Kisha mke wangu akajifungua mapasa, mapacha, wa kiume na wa kike. Kwa watu wa mke wangu mapasa hawapewi vitu vinavyotofautiana. Ukimnunulia mmoja kofia, mwenzake unamnunulia kofia hiyo hiyo, rangi hiyo hiyo. Ukija kuwaona, unatupia kwenye kikapu chao vipande viwili vya makuta, fedha zetu za siku zile, vilivyo sawa. La sivyo aliyepunjwa hukasirika, na pasa akikasirika hurudi alikotoka. Baba ndiye anayetangulia kutoa. Mimi nilikwenda kwenye sanduku nikatoa mbili nilizozipenda kuliko zote, za thamani moja na mwaka mmoja, nikazitunga kwenye uzi, moja shingoni kwa kijana, moja shingoni kwa binti. Kila mtu akasema Baba Mapasa ametenda vema. Hata mimi niliona nimetenda vema.

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi kumsaidia bintiye. Mwanamke yule alikuwa na macho makali na mdomo mkali zaidi, lakini kwa mkwe alijizuia, na mimi kwake nilijizuia, maana kwetu mkwe hashikwi mkono wala hatazamwi usoni. Siku moja aliniona nimeinama na kioo changu, akauliza kwa mbali ni kitu gani ninachokiangalia mpaka nasahau kula. Nilifurahi mno. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Niliziazima sarafu za watoto shingoni mwao, nikaziweka juu ya kigoda pamoja na kioo, nikarudi nyuma ili asogee. Nikamwelekeza: Mama, tazama ncha ya nyota. Kwenye hii ya binti inakaribia namba, kwenye hii ya kijana inapita pembeni. Ni chapa mbili. Akatazama kwa muda mrefu, akacheka, akasema Wazungu hawana kazi. Nikazirudisha shingoni mwa watoto, nikaenda kula.

Surua ikaingia mtaani msimu wa baridi na vumbi. Binti ilimpitia kama mgeni asiye na mizigo. Kijana ilimshukia kifuani ikakaa humo. Tukampeleka hospitali. Dawa zilipatikana, msinifikirie vibaya. Wakwe zangu walizihangaikia mji mzima hadi zikapatikana. Daktari akamdunga sindano, akamdunga tena, kisha akatuambia tungoje. Neno hilo lilinichukiza. Mtu akikuambia ungoje, amekuambia mikono yako haina kazi.

Mtoto aliacha kunyonya. Mke wangu alimkamulia maziwa kwenye kijiko, yakatoka pembeni mwa mdomo. Hapo mama mkwe, aliyekuwa ameketi chini karibu na mlango na binti mapajani, akasema bila kunitazama.

"Baba Mapasa, weye mwenyewe ulinionyeshaka. Ile nyota ya mwanaume haiko sawa na ya dada yake. Ulibapatia bitu mbili tofauti."

"Mama, ile ni shaba tu. Homa haitoke mu nyota."

"Miye sisemi homa. Nasema mutoto iko na hasira."

Nilitaka kupiga kelele. Mimi ni mtu wa rula na penseli. Niliamini sindano, niliamini hesabu, na miujiza niliwaachia waliokuwa wakiimba na kucheza kila asubuhi kuisifu serikali kabla ya kazi. Nikamgeukia mke wangu anisaidie kucheka. Hakucheka. Macho yake yalikuwa yamezama.

"Tafuta ingine sawa na ya binti," akasema. "Weye njo unajua kuziona. Bengine bote habajue."

Basi nikatoka. Sikuamini hata chembe, na nilitoka mbio. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilitapatapa nikiwa na sarafu ya binti mfukoni na kioo mkononi. Nilianzia nyumbani, nikalimwaga sanduku lote kitandani. Chapa hii, chapa ile, kila moja na nyingine, kila moja peke yake. Sarafu ya pili ya chapa ya binti niliwahi kuwa nayo. Niliikumbuka hata doa lake. Nilikwisha kuibadilisha na bwana mmoja wa mtaa wa Karavia. Nikaenda Karavia. Nyumba ilikuwa na watu wengine, na bwana yule alikwisha kuhamia Kinshasa na mali zake zote. Nilisimama langoni kwao nikimtukana mtu asiyekuwepo, mpaka mlinzi akaniomba niondoke.

Nikaenda kwa fundi wa vito, Mwislamu wa ukoo wa Maniema, ambaye mababu zake walifika huku na biashara. Zamani aliniuzia sarafu nyingi alizoletewa na wanakijiji. Alinikaribisha, akaniuliza hali ya nyumbani, nami nikamwonyesha ya binti kabla ya kujibu salamu.

"Zote nimeziyeyusha, ndugu yangu," akasema. "Watu wanataka bangili." Kisha akanitazama tena. "Kuna mama mmoja sokoni anauza finkubala. Amevaa moja shingoni. Nilimwomba mara nyingi aniuzie, akanifukuza."

Finkubala ni wale viwavi waliokaushwa, na sokoni wauzaji wao wanajaa safu nzima. Nilipita nikitazama shingo za akina mama, na sifa mbaya niliyojipatia siku ile sijui kama imekwisha. Nilimkuta mwisho wa safu, bibi mwembamba, anapima viwavi kwa kopo. Shaba ilikuwa imelala chini ya koo lake, imelainika kwa jasho la maisha yote. Nilichuchumaa nikamwomba niitazame.

"Weye Citoyen, unatafuta nini mu shingo ya mama muzee?"

Siku zile serikali ilitaka tuitane hivyo, yaani raia. Majirani zake wakacheka. Mimi nikamweleza yote papo hapo, mapasa, surua, nyota, kigoda. Kicheko kikafa. Akajiinamisha mbele, nami nikaweka kioo. Tundu, nyota, ncha inayokaribia namba. Chapa ile ile. Nililinganisha tena na ya binti kwa sababu sikujiamini, na tena ikawa ile ile.

"Hii haiuzwe," akasema kabla sijafungua mdomo. "Iko na mwenzake mu udongo. Miye nilizaliwaka na ndugu yangu. Yeye hakuweza kukaa. Balimuzika na yake, miye baliniachia hii." Akaitazama ya binti mkononi mwangu. "Mugonjwa wako ni mwanaume ao mwanamuke?"

"Mwanaume, Mama."

"Wangu vile vile."

Alijaribu kufungua fundo la uzi, likakataa, akachukua kisu chake akaukata. "Nakukopesha. Akipona, unirudishie." Lile la pili hakulisema, nami sikumuuliza.

Hospitalini niliiweka sarafu juu ya kigoda, nikaweka ya binti kando yake, nikaweka kioo, nikarudi nyuma. Mama mkwe akatazama kama nilivyomfundisha, jicho moja limefumbwa. Akachukua muda wake. "Sasa iko sawasawa," akasema, na yeye mwenyewe akamfunga kijana; ile yake ya kwanza sikuirudisha kamwe sandukuni. Jioni ile mtoto alinyonya. Kidogo, lakini alinyonya, na mke wangu akalala akiwa amekaa. Nikamshukuru kila mtu: Mungu, daktari, bibi wa finkubala, fundi aliyechonga chapa ile huko Ulaya bila kujua anachonga nini. Mimi, mtu wa rula na penseli.

Kesho yake mchana mtoto akakata pumzi mikononi mwa mama yake.

Mke wangu alifungua mdomo kulia, na mama yake akauziba kwa kiganja. Kwao mapasa hawaliliwi. Hata neno la kufa halitamkwi, inasemwa ameenda kutafuta kuni. Ukimlilia aliyekwenda, mwenzake atasikia naye atamfuata. Binti alikuwa pale, anacheza na ncha ya kitenge cha bibi yake. Basi tukakaa, watu wazima wote, macho makavu. Sijapata kuona ukatili kama huo, na sijapata kuona upendo kama huo, na mpaka leo sijui kuvitenganisha.

Mama mkwe akasema mtoto azikwe na sarafu yake. Nikasema hapana, ni ya kukopa. Kwa mara ya kwanza nilimtazama usoni, mkwe wangu, nikasema hapana tena. Hakunikaripia. Akaifungua shingoni mwa mtoto, akaiweka juu ya kigoda, nami nikaichukua, nikawaambia wanisubiri.

Bibi aliniona nikiwa bado mbali, akaweka kopo chini.

"Ameenda kutafuta kuni, Mama," nikasema, nikamnyooshea shaba yake ndani ya leso.

Hakuipokea. Mkono wake ulikwenda kooni, ukapapasa mahali palipokuwa na uzi, ukashuka.

"Murudishie," akasema. "Wangu iko kule peke yake tangu zamani. Atamujua kwa hii."

Nilitaka kusema asante. Kilichotoka si asante. Nikajizuia, nikauma midomo, nikamwambia haturuhusiwi kulia, binti atasikia.

"Binti yako iko mbali," akasema. "Lia hapa."

Akasimama, akafungua kitenge chake cha juu akakitandaza kwa mikono miwili mbele yangu, kama mtu anayeonyesha kitambaa kwa wanunuzi. Nyuma ya kitenge kile, kati ya magunia ya finkubala, nikamlilia mwanangu.