Majani ya Mzabibu kwa Bibi wa Ghorofa ya Tatu

Watu walimwita Mama Taratibu, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alilipata kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, alikokuwa akipiga pasi mashuka tangu mume wake alipofariki. Wenzake walikuwa wakitupiana maneno juu ya nani kaunguza foronya, naye anajifuta mvuke usoni na kusema, "Taratibu, jamani. Foronya haina roho, sisi tunazo." Alifika miaka hamsini na minne na hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Hakuna, mpaka wiki ile ya dolma.

Baada ya hoteli alipata kazi kwa Bibi wa ghorofa ya tatu. Miaka kumi na tisa alifua, akadeki, akapangusa vumbi kwenye saa za ukutani za marehemu mume wa Bibi, aliyekuwa fundi saa. Bibi huyo ukimuuliza kwao wapi, kwanza tafuta kiti. Mama yake Mgiriki, baba yake mtu wa milima ya Balkani, na mwenyewe kazaliwa katika mji wa Waturuki. "Sisi hatukuhama," alikuwa akisema, "mipaka ndiyo iliyotupita." Jikoni kwake nchi zote tatu zilipikwa kwenye jiko moja bila ugomvi, na jiko hilo halikuguswa na mtu mwingine. Mama Taratibu aliruhusiwa kuosha masufuria, basi. Asubuhi alikuwa akimwona Bibi akikunja wali ndani ya majani ya mzabibu, kidogo kidogo, kila kimoja kama kidole cha mtoto, akivipanga sufuriani na kuvigandamiza kwa sahani visifunguke. Hiyo ndiyo dolma. Saa nane mchana sufuria bado inatokota, mvuke umeziba kioo cha dirisha, Mama Taratibu anavaa viatu anaondoka. Bibi alikuwa akila jioni, peke yake.

Kisha Bibi akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yote yakamkimbia isipokuwa mawili: "dolma" na "siyo". Akili ilikuwa pale pale, macho makali kama sindano, lakini ulimi ukitoka unatoka na hayo tu. Supu, siyo. Yai, siyo. Maziwa, alifumba mdomo kama kufuli. Mama Taratibu akahamia pale, akawa analala kwenye kochi.

Jumatatu mpwa wake Bibi alikuja na daktari. Mpwa alikuwa mtu wa haraka. Manukato yake huingia kabla yake, na simu haibanduki sikioni. Daktari alimpima Bibi, akaguna.

"Asipoanza kula mpaka Jumamosi, itabidi alishwe kwa mpira wa puani."

"Nimeshapata nafasi kwenye nyumba ya wazee," mpwa akasema. "Jumamosi saa nne asubuhi naja na gari. Mama, usinielewe vibaya, umejitahidi. Ila hapa hamuwezi."

Bibi alishika ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima. "Siyo. Siyo. Siyo." Ukutani saa za mumewe ziligonga, moja baada ya nyingine, maana hakuna hata moja iliyokubaliana na mwenzake. Mama Taratibu aliona chozi likishuka hadi sikioni, akaahidi kimoyomoyo mbele za Mungu kwamba kitanda hiki hakitoki humu kwa sababu ya majani.

Kupika mwenyewe alijaribu siku ile ile. Mchele ulibaki na kiini, majani yakapasuka. Aliona heri atafute kwa wenyewe.

Jumanne alipanda mabasi mawili hadi mkahawa wa Kigiriki uliopakwa buluu na nyeupe, mpaka vyungu vya maua. Binti wa kaunta alimfungia kumi kwenye kikopo. Bibi alipokiona kikopo tu, macho yakawaka. Mama Taratibu akakimbilia jikoni. Mama yake mzazi alimfundisha tangu utotoni kwamba mgonjwa halishwi chakula cha baridi, baridi itamwingia kifuani. Alibandika maji, akazipasha dolma kwa mvuke hadi zikafura, akavuta kiti, akasali, akapuliza kijiko, akamtilia.

Bibi alitafuna mara moja. Akatema. "Siyo."

Usiku hakulala vizuri. Asubuhi alimpigia mdogo wake, mshonaji, mwenye ushauri kwa kila jambo.

"Dada, hujui kwamba mgonjwa haulizwi uji? Mfungue kinywa, mtie!"

"Huyu ni mtu mzima, si bata."

"Basi nenda kule kunakojengwa lile jengo refu. Mteja wangu anasema mafundi wa chuma wametoka Balkani na wana mpishi wao."

Mpishi alikuwa pande la mtu, mikono kama mito ya kulalia, sauti ya kuitia watu wa ghorofa ya kumi. "Dolma?" akacheka. "Dada yangu, hayo ni mambo ya kitoto. Dada, mgonjwa anataka kabichi! Kabichi iliyolala kwenye maji ya chumvi, nyama ndani, moshi kidogo. Waturuki walitujia wakajifunza kwetu."

"Kaka, mwenyewe ametaka majani ya mzabibu."

"Atabadilika akionja."

Hakubadilika. Aliiangalia kabichi ile, kubwa kama ngumi ya bondia, akamwangalia Mama Taratibu kama mtu aliyesalitiwa. "Siyo."

Alhamisi ikawa zamu ya Waturuki. Mkahawa ulikuwa na lundo la nyama likizunguka kwenye chuma mlangoni, na mhudumu kijana aliyefunga tai. Alianza kumletea mkate uliojazwa nyama.

"Hiki ndicho Kituruki chenyewe, mama."

"Mwanangu, nimesema majani."

"Aa, majani! Yapo. Tena ya kwetu ndiyo asili. Wagiriki wanajua nini? Wamesomea kwetu."

"Mwanangu, sikuja kuamua kesi. Nifungie kumi na mbili."

Alizitoa kwenye friji. "Ziko baridi lakini, mama."

"Naona. Jiko ninalo."

Kijana alifungua mdomo aseme neno, meza ya pili ikamwita, akaenda. Mama Taratibu naye akashika njia. Akafika, akabandika maji, akapasha, akasali, akapuliza.

"Siyo."

Safari hii hakutema hata kidogo, aligeuza tu uso ukutani. Mama Taratibu alisimama na kijiko mkononi. Miguu ilikuwa imevimba, nauli imemkausha, na Wagiriki, Waturuki na watu wa Balkani walikuwa wamemweleza kila mmoja kwamba mwenzake ni mwizi wa mapishi. Hakuna aliyemwambia kwa nini kikongwe anakufa njaa mbele ya chakula alichokiomba. "Mungu wangu," akasema kwa sauti, "hawa watu wananitafutia dhambi."

Ijumaa asubuhi alimwomba jirani akae na Bibi, akarudi kwenye mkahawa wa buluu. Hakusubiri foleni. Alikitua kikopo kitupu kwenye kaunta kwa kishindo, watu wakageuka.

"Mnauza nini hapa?" alipaza sauti, na mwenyewe akashangaa inatoka wapi. "Nimempa mgonjwa, ametema! Mwanamke wa kwenu huyo, amekunja majani haya maisha yake yote. Anayajua. Nyie mmetia nini humu?"

Binti wa kaunta alirudi nyuma. Mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka mwenye mkahawa, mzee wa masharubu meupe, aproni imejaa unga.

"Taratibu, dada."

"Usiniambie taratibu! Hilo ni jina langu!"

Wateja wakacheka. Mzee hakucheka. Alimvutia kiti, akammiminia maji kwenye bilauri, akangoja amalize kunywa. "Nieleze ulivyompa. Tangu ulipotoka hapa."

Akaeleza. Basi la kwanza, la pili, maji jikoni, mvuke.

"Mvuke?" mzee akauliza.

"Mvuke. Nikazipasha mpaka katikati. Mgonjwa yule, nimpe za baridi?"

Mzee alishika kichwa kwa mikono miwili yenye unga, masikio yakawa meupe. "Dada. Dada yangu. Dolma ya mafuta ya zeituni hailiwi moto. Inapikwa leo, inalazwa, inaliwa kesho, baridi, na ndimu juu yake. Ukiipasha, mafuta yanatoka, jani linakuwa kama kitambaa cha kudekia. Hata mimi ningetema."

Mama Taratibu alimkumbuka kijana wa tai, mdomo wazi. Akaikumbuka miaka kumi na tisa ya mvuke kwenye kioo, na yeye anavaa viatu saa nane, sufuria haijapoa.

"Sasa mbona hakuna aliyeniambia?" akasema, taratibu safari hii.

"Uliuliza?"

Alipewa kumi nyingine na ndimu mbili, akazipakata mapajani kwenye mabasi yote mawili, dirisha wazi zisipate joto.

Hakuingia jikoni. Aliketi kitandani, akaweka sahani mapajani pa Bibi, akakamua ndimu. "Bibi, nisamehe. Unazitaka baridi?"

Bibi alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemwona mwanafunzi mzito hatimaye akisoma ubao. Akachukua moja kwa mkono wa kushoto. Akatafuna. Akachukua ya pili. Ya tatu ikateleza kwenye shuka, akaiokota akaila na nyuzi za shuka.

Jumamosi saa nne manukato yaliingia, mpwa akafuata. Alimkuta shangazi yake ameegemea mito, mafuta mpaka kidevuni, sahani ya dolma kumi ikiwa imebaki na mbili.

"Shangazi, gari liko chini."

"Siyo," Bibi akasema na kumeza. Kisha akakunja uso, ulimi ukahangaika, ukatoa neno la tatu tangu augue: "Baridi."

Mpwa akamgeukia Mama Taratibu. "Anasikia baridi?"

"Hapana, mwanangu. Ananisuta."

Mpwa aliitazama sahani, akampigia daktari simu pale pale, na akashuka ngazi peke yake. Gari likasikika likiondoka. Mama Taratibu aliketi, akavua viatu, akaanza kumshukuru Mungu, hakufika mbali.

"Siyo," Bibi akasema.

"Nini tena, Bibi?"

Bibi akatoa ulimi. Ncha yake ilikuwa na mbegu ya ndimu.

Mama Taratibu aliitoa kwa kidole, akavuta pumzi, akahesabu mpaka kumi, akainuka kwenda kutafuta chujio.