Ngozi ya Fisi Maji

Mdogo wangu wa kiume alikuja Chato na mikate miwili na uso wa mtu mwenye shida. "Shikamoo dada." Nikaitikia marahaba huku nageuza dagaa kichanjani. Anachimba dhahabu Mwakitolyo, na duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia, lilikuwa limekataa kutoa chochote. Mganga akawaambia watundike ngozi ya fisi maji mdomoni mwa shimo, eti mwamba utalainika.

"Wewe unajua wanakolala, dada. Ng'wana mayu, mtoto wa mama yangu, nisaidie."

Nilijua, ndiyo. Wapo wale wakubwa wanaopapasa kaa kwa vidole kule kijitoni, na wapo hawa wadogo wa ziwani, wenye madoa shingoni. Jike mmoja wa hawa wadogo alikuwa amezalia kwenye mawe nyuma ya kichanja changu. Ziwa lilipopanda nilimwona akihamisha watoto wake wawili mawe ya juu, mmoja mmoja, amewauma ngozi ya shingo. Dume sikumwona hata siku moja. Jike hulea peke yake. Na msidhani watoto wa fisi maji huzaliwa wanajua kuogelea. Wale wakubwa kidogo wa mwaka uliotangulia, mama alikuwa anawasukuma majini nao wanapiga kelele kama vifaranga walionyeshewa. Nilicheka mpaka dagaa wakaliwa na kunguru.

Nikamwambia mdogo wangu hapana, yule ananyonyesha. Nilidhani yameisha.

Kumbe akamfuata mume wangu. Huyo ana ugomvi wake na fisi maji: wavu ukitoboka ni wao, samaki wakipungua ni wao. Wanaokokota makinda ya samaki kwa nyavu za macho madogo sijamsikia akiwatukana, maana anakunywa nao chai. Niliporudi kutoka sokoni nilikuta wavu wake umetegwa mbele ya yale mawe, umechanika katikati, una damu. Mdogo wangu alikuwa ameshapanda basi na ngozi ya yule jike.

Nilitukana mpaka majirani wakatoka nje. "Ni mnyama tu," mume wangu akasema. Nikamuuliza, ng'ombe wa baba yake alipokufa, mbona alilia? Akaomba chakula. Chakula!

Kesho yake watoto walitoka mchana kweupe, jambo ambalo mama yao asingeruhusu. Wakawa wanapiga miluzi kuelekea ziwani. Niliwatupia dagaa wabichi, wakanusa tu, kwa sababu walikuwa bado wa maziwa. Miluzi ilikuwa ya wawili, ikawa ya mmoja, halafu nikawa nasikia mawimbi peke yake. Nilikasirika kiasi cha kushindwa kulia. Wavu ule nimekataa kuushona, na mimi ndiye ninayeshona nyavu zote za nyumba hii. Mpaka leo uko palepale ukutani.

Juzi mdogo wangu kanipigia simu.

"Dada, duara bado limekataa. Mganga anasema tulikosea, ilitakiwa ngozi ya dume. Dume anapatikana?"

"Dume ninaye," nikamwambia. "Tumezaliwa naye tumbo moja. Njoo nikuchune."

Akacheka, akidhani namtania. Mimi nilikuwa napasua sangara, na kisu kilikuwa mkononi.